Ujumbe Wako Umepokelewa na Unafanyiwa Kazi

Mpendwa mshauri, naomba msaada, na naomba usinicheke mpaka ufike mwisho, maana ukifika mwisho najua hutakuwa na hamu ya kucheka. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na mbili, sijaolewa, kazi yangu ni kuandika programu za kompyuta, na naifanyia chumbani kwangu kwa sababu kampuni iliyoniajiri iko mbali, wenzangu kumi na mmoja nawajua kwa vipicha vya duara tu, sijawahi kushikana mkono na hata mmoja wao, na kuna siku napika, nakula, naosha sahani moja na kijiko kimoja, ndipo nashtuka kwamba tangu asubuhi sijatoa sauti, basi nasema "haya" kwa nguvu ili nijue koo bado linafanya kazi.

Kazini kwetu kuna sheria kwamba kila siku saa kumi na moja jioni kila mtu aandike kwenye kundi amefanya nini, na mimi nilikuwa nasahau, au nakumbuka nikiwa nimechoka hata neno halitoki, na meneja alikuwa ananikumbusha mbele ya watu kama mtoto asiyeleta daftari, kwa hiyo nikatengeneza programu ndogo ya kuniandikia. Niliipa jina Karani. Kila jioni Karani anapitia kazi yote niliyohifadhi siku hiyo, anaona nilipobadilisha, anafupisha kwa lugha nyepesi ya watu, "Leo nimerekebisha kitufe cha kulipia kilichokuwa kinabonyezwa mara mbili," kisha anatuma kwenye kundi kwa jina langu. Meneja alifurahi mpaka akasema wengine waige mfano wangu, na mimi nikavimba kichwa.

Sasa nije kwa baba. Baba yangu ni mpima mvua mstaafu, na usishangae, kazi hiyo ipo. Miaka thelathini na mmoja, kila asubuhi saa tatu, alikwenda kwenye kile kikopo cha shaba kilichozungushiwa uzio, akamimina maji kwenye kioo chenye mistari, akasoma, akaandika kwenye rejesta, na mwisho wa mwezi rejesta ikaenda makao makuu. Alipostaafu alinunua kipimo chake mwenyewe akakisimika uani nyuma ya jiko, na anaendelea hadi leo ingawa hakuna anayemuuliza. Nilipokuwa mdogo alinifundisha nimsaidie, na siku moja haikunyesha nikaacha mstari wazi, akanirudisha na kalamu mkononi. "Andika sifuri, mama," aliniambia. "Sifuri maana yake mtu alikwenda kuangalia. Mstari mtupu maana yake hakwenda mtu."

Mama alipofariki miaka mitano iliyopita baba alibaki peke yake kwenye ile nyumba, na akawa ananipigia kila jioni, wakati uleule ninaofunga kompyuta nikiwa kichwa kimejaa, ananiambia, "Haya mama, leo umefanya nini?" Nami namwambia kazi tu baba. "Kazi gani?" Za kompyuta. "Basi nieleze." Mshauri, umewahi kumweleza mpima mvua kwa nini kitufe kinabonyezwa mara mbili? Nilikuwa nahema, namkatiza, namwambia nitakupigia, na sipigi. Siku moja nikawaza, Mungu anisamehe, kwamba anachouliza baba ndicho hichohicho anachouliza meneja, na meneja nimeshampatia dawa. Nikaiweka namba ya baba kwenye orodha ya Karani.

Siku ya kwanza alinipigia akicheka. "Leo nimekuelewa! Kile kitufe kilikuwa na kiherehere." Wiki ya kwanza alipiga kila siku, ya pili mara mbili, mwezi wa pili akaacha, na mimi, nisikufiche, niliona nafuu. Nilikuwa nampigia mara moja kwa mwezi, u mzima baba, mzima, haya baba. Jumapili niliyohamia chumba hiki nilimpigia huku nafungua maboksi, akaniuliza, "Zako nazipata kila siku. Na wewe zangu unazipata?" Sikuelewa anauliza nini, nilikuwa na mkasi mdomoni, nikajibu, "Nazipata baba." Akasema vizuri, tukaagana.

Wiki mbili zilizopita nilibadilisha neno langu la siri nikasahau kumpa Karani lile jipya, kwa hiyo Karani akanyamaza. Siku ya kwanza sikujua. Siku ya nne ndipo nikagundua, na nikagundua pia kwamba kwenye kundi la watu kumi na mmoja hakuna hata mmoja aliyeuliza mbona kimya. Hata yule meneja aliyekuwa ananisema kwa kusahau siku moja. Nilifungua kumbukumbu za Karani nione labda kuna aliyeandika ikapotea, na ndipo nikaliona faili linaloitwa Nyinginezo. Jina hilo nililiandika mimi. Wiki ya tatu tangu nimweke baba kwenye orodha nilimwongezea Karani kanuni: ujumbe ukija kutoka kazini, niletee, ukija kutoka kwingine, tupia Nyinginezo na mjibu aliyetuma, "Asante, ujumbe wako umepokelewa na unafanyiwa kazi." Nikasahau kama kuna kanuni hiyo.

Ndani ya faili kulikuwa na jumbe mia mbili na kumi na nne, zote za namba moja.

Baba alikuwa ananijibu. Kila jioni, baada ya ripoti yangu, alikuwa anatuma ripoti yake, na ameiga mpaka mtindo. "Leo: mvua milimita 6. Nimefunga bawaba ya mlango wa jikoni. Kuku wawili hawajarudi." "Leo: mvua 0. Kuku mmoja amerudi. Nimekula." Siku mbili baada ya mimi kuhamia, aliandika, "Leo: mvua milimita 900," basi, hakuna kingine, nadhani ndipo macho yalipoanza kumchanganya. Maana baadaye inakuja, "Leo: mvua 11, au 17, mstari unacheza." Kisha, "Leo: fundi cherehani jirani ananisomea za kwako, asante kwa kuandika vifupi." Kisha ikafika siku akaandika, "Leo: mvua imesikika, haikusomeka." Mshauri, hapo nilifunga kompyuta nikaenda kukaa bafuni sakafuni.

Lakini si hapo ilipoishia. "Leo: daktari amesema ni mtoto wa jicho, yote mawili, wataanza na la kulia. Hawampasui mtu aliyekuja peke yake, wanataka msindikizaji. Najua una kazi. Ukipata nafasi." Na Karani akamjibu kwamba ujumbe wake umepokelewa na unafanyiwa kazi. Wiki mbili baadaye, "Leo: nimekwenda mwenyewe. Nimekaa kwenye benchi hadi adhuhuri, wamenirudisha. Mvua sijui." Asante, umepokelewa, unafanyiwa kazi. Na siku ile ya nne ya ukimya, yeye peke yake duniani aliuliza: "Siku ya nne sina neno lako. Unaumwa? Miadi mpya ni Alhamisi tarehe 14 saa mbili asubuhi. Usijisumbue, ila nijulishe kama u mzima." Nilimpa Karani lile neno la siri, akaamka, akamtumia baba taarifa kwamba leo nimebadilisha neno la siri. Baba akaandika, "Nashukuru. Uwe unakula."

Sasa shida yangu ni hii. Nikimwambia ukweli, atajua kwamba miezi saba alikuwa anazungumza na mashine, mzee wa watu, na itamvunja moyo. Nikinyamaza, ataendelea kuamini kwamba nilisoma yote, nilisoma habari za macho yake, nikakaa kimya. Nimempigia mara mbili, nikasikia "haloo" yake, nikauliza u mzima, nikakata. Na nikuambie na hili ambalo naona aibu: nimeshaandika sehemu mpya ya Karani, inayosoma ujumbe wa baba na kumjibu vizuri kwa upole, kwa maneno yangu, inamuuliza habari za kuku, inamtakia heri hospitalini. Nimeijaribu, inaandika vizuri kuliko mimi. Imebaki kuiwasha tu. Na Alhamisi hiyohiyo tarehe 14 tunakabidhi kazi kwa mteja, sijawahi kuomba ruhusa hata siku moja, na kwa baba ni mwendo wa saa saba kwa basi. Nifanye nini?

Ni mimi,
Binti wa Mpima Mvua

*

Binti wa Mpima Mvua,

Kabla hujafika kwenye aya ya pili, nenda kwenye kompyuta uifute hiyo sehemu mpya ya Karani. Usiizime tu, ifute. Nakusubiri.

Umefuta? Haya, tuzungumze.

Barua yako ilifika Jumatano nikaipandisha juu ya barua kumi na saba za watu wanaolalamikia mawifi zao, kwa sababu safu hii inatoka Jumamosi, nayo Alhamisi ya miadi haingoji mtu. Nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza nilikuonea huruma, kwa ajili ya ile sahani moja na kijiko kimoja. Mara ya pili nilikukasirikia. Mara ya tatu nilichukua kalamu, na ndipo nikaona jambo ambalo wewe, pamoja na akili zako zote za kompyuta, limekupita mbele ya macho, na macho yako ni mazima.

Unaniambia mtu aliyepima mvua miaka thelathini na mmoja aliandika milimita mia tisa kwa kuchanganyikiwa? Binti, milimita mia tisa kwa siku moja ni gharika, kuku wa baba yako wangeonekana wanaelea. Baadaye, macho yanapoanza kweli kumsumbua, anaandika "11, au 17", anakuambia mstari unacheza. Huyo ni mtu ambaye hata asipoona hakubali kudanganya namba. Sasa hesabu siku. Jumapili unahama, anakuuliza zangu unazipata, unamjibu unazipata na mkasi mdomoni. Jumanne anaandika mia tisa. Alikuwa hapimi mvua siku hiyo, alikuwa anakupima wewe. Mtoto aliyelelewa na kipimo cha mvua, angeisoma hiyo angeruka kwenye kiti apige simu, "Baba, mia tisa?" Mngecheka nusu saa. Hukupiga. Alipata asante, unafanyiwa kazi.

Na kuna jambo lingine. Nilimwomba dada wa chumba cha kompyuta hapa gazetini anieleze huyo Karani wako, akanieleza, kisha akauliza swali ambalo nakuuliza wewe: siku ulipoandika ile kanuni ya kujibu watu asante, jioni yake Karani aliripoti nini? Kafungue. Kama ni mwaminifu unavyomsifu, basi alimwandikia baba yako kwa lugha yako nyepesi kwamba leo nimeweka majibu yanayojituma yenyewe. Uliusema ukweli zamani, binti, kwa kinywa cha mtu mwingine.

Kwa hiyo lile swali lako la nimwambie au nisimwambie, lifunge uliweke kabatini. Baba yako anajua. Amejua miezi mingi. Na pamoja na kujua, aliendelea kuandika kila jioni, na hilo ndilo lililonifanya nivue miwani nikaifuta. Mtu anaweza kujua nyumba haina mtu na bado akapiga hodi, kwa sababu hana mlango mwingine wa kupiga. Na alishazoea kupeleka rejesta mahali ambapo hakuna anayejibu, alifanya hivyo miaka thelathini na mmoja akiamini iko siku mtu ataifungua. Umeifungua. Umechelewa, lakini umeifungua.

Baba yako naye ana kosa lake, sitakuficha. Simu anayo, vidole anavyo, angepiga akasema naumwa macho njoo. Siku akiniandikia nitamsema. Lakini aliyeandika leo ni wewe.

Unasema ukweli utamvunja moyo. Hapana. Kinachokutisha ni kwamba utakapomwambia itabidi uwe umekaa mbele yake, na wewe umesahau namna ya kukaa mbele ya mtu. Ulianza kwa kumkimbia meneja, ukamkimbia baba, na sasa unalia chumbani kwamba hakuna anayekutafuta. Mwanangu, ulimweka karani mlangoni awapokee wageni, unashangaa mbona hawaingii? Wenzako wale kumi na mmoja huenda nao wameweka makarani wao, mnaripotiana mashine kwa mashine, kila mmoja kwenye chumba chake na kijiko chake. Hilo nalo tutalizungumza siku nyingine, kwa sasa kuna jicho la kulia.

Sasa sikiliza utakachofanya. Leo hii mpigie meneja. Umpigie, usimwandikie, aisikie sauti yako. Mwambie Alhamisi hutakuwepo, baba yako anapasuliwa jicho, na kazi ya kukabidhi utaimaliza Jumanne au ataishika mwenzako. Akikataa, mkumbushe kwamba ulinyamaza siku nne na kampuni haikuanguka. Lakini sidhani kama atakataa, watu wengi ni wema wakiombwa na mtu badala ya mtambo.

Kisha mtoe baba kwenye orodha ya Karani. Kazini mwache aendelee, kazini hana ubaya, hiyo ndiyo kazi yake. Jioni mpigie baba mwenyewe, na usianze na u mzima, maana swali hilo limeshawaponza. Mwambie, "Baba, zako sikuwa nazipata. Nilikudanganya. Sasa nimezisoma zote. Nakuja Jumatano." Akinyamaza, mwache anyamaze. Usikate simu. Nimekwambia usikate.

Zile jumbe mia mbili na kumi na nne zichapishe kwenye karatasi ubebe. Baada ya upasuaji watamfunga jicho na atakaa ndani siku kadhaa hana la kufanya. Mkae. Umsomee moja moja, na kila ukimaliza moja umjibu, kwa mdomo wako, kana kwamba imeingia dakika hiyo. Muulize kuku wa pili alirudi? Muulize bawaba imeshika? Ukifika kwenye ile ya benchi, usiiruke. Itawachukua siku mbili au tatu, na mtagombana kidogo, na mtakunywa chai nyingi. Na ukiwa huko nenda kwa fundi cherehani umshukuru, maana mtu wa watu amekuwa akimsomea baba yako habari za vitufe miezi yote hiyo bila kulalamika.

Mwisho ni hili. Alhamisi asubuhi, kabla hamjatoka kwenda hospitali, baba yako atakuwa anavaa viatu kwa kupapasa. Wewe toka uani, nyuma ya jiko, mimina maji kwenye kioo, usome mstari, urudi ndani umwambie namba. Usikadirie, anajua namba ya kukadiria. Na kama usiku haikunyesha, usiseme hakuna kitu. Mwambie, "Sifuri, baba. Nimekwenda kuangalia."